Moyo wa Mbwa Anayetibiwa Saratani: Upimwe Lini, na Unatufundisha Nini

Mgonjwa mmoja, mama wa miaka 61 anayetibiwa saratani ya titi, aliingia katika kliniki yangu ya moyo akiwa ameshika simu badala ya faili. Nilimwamkia, akaitikia, kisha kabla hajaketi vizuri akanionyesha picha ya mbwa aliyelazwa ubavu juu ya meza, manyoya ya kifuani yamenyolewa sehemu ndogo, na kijana aliyevaa glavu amemshika kichwa. “Huyu ni mbwa wa mwanangu kule Ohio,” alisema. “Ana saratani ya tezi. Kabla hajaanza dawa wamempima moyo kwa mashine mbili. Mimi, daktari, nimekwisha kupata dripu mbili za dawa nyekundu, na leo ndiyo mara ya kwanza naletwa kwa mtu wa moyo. Kwani mbwa ananizidi nini?”

Swali lilikuwa la haki, nami nilimwambia hivyo. Mahali alipoanzia tiba palikuwa na foleni ndefu ya kipimo cha moyo, na aliyemwandikia dawa alichagua kutoichelewesha saratani kwa ajili ya foleni hiyo. Uamuzi wa namna hiyo hufanywa kila siku, na si kila mara huwa wa makosa. Lakini mama huyu alikuwa na shinikizo la juu la damu kwa miaka mingi, jambo ambalo peke yake lingetosha kumtanguliza katika foleni. Ameniruhusu niyaandike haya bila kumtaja jina.

Nimeamua kulijibu swali lake kwa njia ndefu, yaani kwa kueleza kwanza kile ambacho madaktari wa wanyama humfanyia mbwa na kwa nini wanafanya hivyo, kisha turudi kwa binadamu. Dawa ni ileile, moyo unakaribiana, na mbwa amehusika katika elimu hii kwa kina zaidi kuliko wengi wetu tunavyofahamu.

Dawa yenyewe

Dawa nyekundu ambayo wauguzi wa wodi za saratani huitambua kwa rangi kabla ya kusoma kibandiko ni doksorubisini. Asili yake ni udongo. Katika miaka ya 1950 watafiti wa Italia walichukua udongo karibu na ngome ya kale ya Castel del Monte, kusini mwa nchi hiyo, wakapata humo bakteria anayetoa rangi nyekundu yenye uwezo wa kuua seli za saratani. Dawa ya kwanza iliyotokana na bakteria huyo iliitwa daunorubisini. Doksorubisini ilifuata katika miaka ya 1960, baada ya vinasaba vya bakteria huyo kubadilishwa maabara, na jina lake la kwanza la biashara, Adriamycin, lilitokana na Bahari ya Adriatiki iliyo jirani na pale. Leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, nasi tunaitumia kwa saratani ya titi, saratani za tezi, saratani ya mifupa na saratani kadhaa za watoto. Rangi yake hutoka hata katika mkojo kwa siku moja au mbili baada ya dripu. Mgonjwa ambaye hakuambiwa mapema hudhani anakojoa damu.

Doksorubisini hujipenyeza kati ya nyuzi za vinasaba na kukizuia kimeng’enya kiitwacho topoisomerasi, ambacho kazi yake ni kuzikata na kuziunga upya nyuzi hizo seli inapojiandaa kugawanyika. Mikato hubaki bila kuungwa, na seli hufa. Seli ya saratani hugawanyika bila kupumzika, hivyo huathirika zaidi. Seli ya msuli wa moyo karibu haigawanyiki kabisa, na kwa mantiki hiyo ingepaswa kusalimika. Haisalimiki. Nayo ina kimeng’enya hicho, cha aina nyingine, na dawa hukinasa vilevile. Zaidi ya hapo, seli ya moyo imejaa mitokondria, yaani vinu vidogo vya nishati, ambamo dawa hii, kwa msaada wa madini ya chuma, huzalisha molekuli kali za oksijeni zinazoharibu utando wa seli. Seli ya moyo ikishakufa, nafasi yake huchukuliwa na kovu.

Ubaya wa jambo hili ni ukimya wake. Moyo una akiba kubwa, na seli zilizobaki hubeba mzigo wa zilizokufa, pengine kwa miezi, pengine kwa miaka, bila mwenye moyo kuhisi lolote. Siku anapoanza kuhema kwa kupanda ngazi chache, akiba hiyo imekwisha kutumika. Ndiyo maana hatuwezi kusubiri dalili.

Mbwa na saratani ya tezi

Limfoma ni miongoni mwa saratani zinazowapata mbwa mara nyingi. Mwenye mbwa huona mitoki imevimba chini ya taya, mbele ya mabega au nyuma ya magoti, mbwa mwenyewe akiwa bado anakula na kucheza. Asipotibiwa, mbwa wengi hufa ndani ya wiki nne hadi sita. Tiba iliyozoeleka Marekani na Ulaya ni mchanganyiko wa saiklofosfamidi, doksorubisini, vinkristini na prednisoloni, dawa zilezile tunazowapa binadamu wenye limfoma, ila kwa dozi ndogo zaidi. Kwa mbwa shabaha ya kawaida si kuponya bali ni kumpa muda mzuri: wengi wenye limfoma ya seli B hupata nafuu kamili, mitoki ikayeyuka, na takriban nusu yao huishi mwaka mmoja au karibu na hapo. Tiba hiyo haina maana ikiwa mwaka aliopewa mbwa atauishi akikohoa na kuanguka kwa sababu ya moyo.

Dozi ya kawaida ya doksorubisini kwa mbwa ni miligramu 30 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, mara moja kila wiki mbili au tatu. Mbwa wa kilo 20 ana eneo la mwili la mita za mraba 0.74 hivi, kwa hiyo dripu moja itakuwa na miligramu 22. Katika mpangilio unaotumika sana hupata dripu nne za dawa hii, zikipokezana na dawa nyingine, na jumla yake ni miligramu 120 kwa mita ya mraba. Kikomo ambacho madaktari wengi wa wanyama hawapendi kukivuka katika maisha yote ya mbwa ni kati ya 180 na 240. Mbwa wadogo, wa chini ya kilo 10 au 15, hupimiwa kwa uzito, miligramu 1 kwa kilo, kwa sababu hesabu ya eneo la mwili huwazidishia dawa.

Naomba msomaji alizingatie neno “jumla”. Madhara ya doksorubisini kwa moyo hujilimbikiza. Dripu ya leo hujumlishwa na ya mwaka juzi, hata kama katikati mgonjwa alipona kabisa, hata kama alihamia hospitali nyingine na faili la kwanza likapotea. Kwa binadamu kikomo kimewekwa kati ya 450 na 550, na sababu yake inaonekana wazi katika uchambuzi wa Sandra Swain na wenzake wa mwaka 2003. Walikadiria kwamba moyo hushindwa kazi kwa wagonjwa 5 katika kila 100 wanapofikia jumla ya miligramu 400 kwa mita ya mraba, 26 wanapofikia 550, na 48 wanapofikia 700. Tazama jinsi idadi inavyopanda ghafla. Lakini kikomo si ukuta ambao ndani yake kuna usalama mtupu. Wapo wanaoumia kabla ya kukifikia, na tarakimu za mbwa hazihamishiki kwa mtu, wala za mtu kwa mbwa.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 uliwafuatilia mbwa 494 waliopewa doksorubisini. Mbwa 20 kati yao, yaani 4 katika kila 100, walipata ugonjwa wa moyo wenye dalili. Wastani huo unaficha jambo muhimu: kwa mbwa wa jamii ambazo kwa urithi hupata ugonjwa wa misuli ya moyo, kiwango kilikuwa zaidi ya 15 katika 100, ilhali kwa wengine kilikuwa 3.

Jamii hizo zinafahamika: Doberman, Boxer, Great Dane na nyinginezo za maumbo makubwa. Doberman hupatwa na moyo kutanuka na kulegea akiwa mtu mzima, na huenda ugonjwa ukamkalia miaka bila kuonekana. Boxer hupata mapigo yasiyo na mpangilio, pengine akaanguka ghafla akiwa mbioni. Kwa bahati mbaya Boxer pia hupata limfoma mara nyingi kuliko mbwa wengi, na mara nyingi ya aina isiyoitikia dawa vizuri. Mbwa wa Ohio alikuwa Boxer wa miaka saba.

Hapa niseme neno kuhusu mbwa wetu. Afrika Mashariki, tibakemia ambayo madaktari wa mifugo wanaifahamu zaidi ni ya uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa mbwa wanapopandana, ugonjwa unaoonekana sana palipo na mbwa wengi wanaozurura. Tiba yake ni vinkristini, sindano moja kwa wiki kwa wiki chache, na wengi hupona kabisa. Vinkristini haina tabia ya kuharibu msuli wa moyo. Ina hatari zake, hasa kushusha chembe nyeupe za damu na kuunguza nyama ikivuja nje ya mshipa, lakini mwenye mbwa anayepewa dawa hiyo peke yake hana haja ya kuhangaikia kipimo cha moyo. Nalisema hili kwa sababu neno “tibakemia” hubeba hofu moja kwa dawa zote, wakati kila dawa ina kiungo chake inachokidhuru.

Vipimo, na kila kimoja kinaona nini

Kipimo cha kwanza ni sikio. Daktari wa wanyama husikiliza kifua cha mbwa kabla ya kila dripu, akitafuta mnong’ono wa vali inayovuja au mapigo yanayoruka, na huku kidole chake kikiwa juu ya mshipa wa paja, kwa sababu pigo linalosikika kifuani lisifike pajani ni pigo lisilosukuma damu. Ni kipimo cha dakika mbili kisicho na gharama. Mimi nawaona wauguzi wetu wakipima shinikizo kwa mashine ya kidijiti, wakaandika namba, wasiguse kiganja cha mgonjwa. Mashine haiwaambii kwamba mapigo hayana mpangilio.

Cha pili ni kipimo cha umeme wa moyo. Kwa mbwa karatasi ya dakika chache haitoshi pale daktari anaposhuku ugonjwa wa jamii nilizozitaja, maana moyo unaweza kukosea mara mia tatu kwa siku na usikose hata mara moja mbele ya daktari. Hivyo mbwa huvalishwa fulana yenye kifaa kinachonakili mapigo kwa saa 24, akaenda nacho nyumbani, akalala nacho. Kwa Doberman, mapigo zaidi ya 300 yanayoanzia katika vyumba vya chini vya moyo ndani ya saa 24 huhesabiwa na wataalamu wa Ulaya kuwa ushahidi wa ugonjwa, hata kama mbwa haonyeshi dalili.

Cha tatu, ambacho ndicho watu hukifikiria wanaposikia “kupimwa moyo”, ni eko: picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Mbwa hulazwa ubavu juu ya meza yenye tundu, na kipimio hupitishwa kutoka chini. Mpimaji hupima upana wa chumba cha kushoto cha chini moyo ukiwa umejaa, kisha ukiwa umefinyana. Tuseme chumba kina milimita 40 kikijaa na 28 kikifinyana. Tofauti ni 12, na 12 kwa 40 ni asilimia 30. Kwa mbwa wengi asilimia kati ya 25 na 45 huonwa kuwa ya kawaida. Ikishuka chini ya hapo, daktari huanza kuuliza maswali.

Lakini namba hiyo ina kigeugeu. Mbwa aliyetapika siku mbili baada ya dripu ana maji machache mwilini, moyo wake haujai vizuri, na namba hubadilika bila msuli kubadilika. Mbwa mwenye hofu humwaga homoni zinazoukaza moyo, namba ikapendeza kuliko hali halisi. Mpimaji mwingine akishika kipimio kwa pembe tofauti, milimita mbili huongezeka au hupungua. Kwa hiyo kipimo kimoja pekee husema machache. Thamani ya eko iko katika kulinganisha: mbwa yuleyule, mashine ileile, ikiwezekana na mpimaji yuleyule, kabla ya dripu ya kwanza na baadaye.

Katika damu hupimwa troponini, protini ambayo makazi yake ni ndani ya seli za msuli wa moyo na haipaswi kuonekana nje kwa wingi. Ikipanda, seli zinaumia. Huweza kupanda kabla eko haijabadilika, na hiyo ndiyo faida yake. Udhaifu wake ni kwamba haisemi nani ataumia, inasema nani ameanza kuumia.

Nisiwape wasomaji picha ya kwamba kila mbwa wa Marekani hupimwa yote haya. Sivyo. Kwa mbwa chotara asiye na mnong’ono wala historia, kliniki nyingi husikiliza kifua, hufanya kipimo cha umeme, zikaendelea na tiba, kwa hoja kwamba eko mara chache hubadilisha uamuzi. Mama yangu huyu alilinganishwa, bila kujua, na mbwa aliyetangulizwa kwa sababu ya hatari yake. Na hilo ndilo jambo la kuiga: wenye hatari kubwa wasikose, hata pale ambapo mashine ni chache.

Kipimo cha mwisho hufanywa na mwenye mbwa nyumbani. Mbwa akiwa amelala usingizi, hesabu kifua kinapanda mara ngapi kwa dakika moja. Mbwa mwenye moyo ulio sawa huwa chini ya 30. Idadi ikipanda juu ya 30 usiku kadhaa mfululizo, maji yameanza kujaa mapafuni, mara nyingi kabla kikohozi hakijasikika. Hakuna mashine hapo, ni saa na daftari tu.

Mbwa waliotutangulia

Kuna mbwa wengine katika habari hii ambao hawakuwa wagonjwa. Mwaka 1981 Eugene Herman na Victor Ferrans, watafiti wa Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio ya mbwa wa jamii ya beagle waliopewa doksorubisini kwa wiki nyingi hadi mioyo yao ikaharibika. Baadhi walipewa kwanza dawa nyingine, iliyoitwa wakati huo ICRF-187, inayonasa madini ya chuma. Mioyo ya mbwa hao iliharibika kidogo zaidi kuliko ya wenzao. Dawa hiyo leo inaitwa deksrazoksani, na hutolewa kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani, wakubwa kwa watoto, wanaohitaji dozi kubwa za dawa nyekundu. Ni ghali na haipatikani kila mahali, lakini ipo, na mbwa hao ndio walioifungulia njia. Tunapowaeleza wagonjwa kinga za moyo wao, nadhani si vibaya kulitaja hilo.

Namna dripu inavyotolewa nayo ina uzito. Kwa mbwa, doksorubisini ikisukumwa haraka huchochea mwili kumwaga histamini: mbwa hutikisa kichwa, masikio huwa mekundu, ngozi huvimba mabaka, na mapigo yanaweza kuvurugika pale pale mezani. Kwa hiyo hutolewa polepole, kwa dakika 20 au 30, mtu akiwa kando yake muda wote. Ikivuja nje ya mshipa huozesha nyama. Muuguzi wa binadamu anayesoma haya atatabasamu, kwa kuwa mengine anayajua vizuri kuliko mimi.

Moyo unapoonyesha udhaifu

Mbwa wa Ohio alipovalishwa fulana ya saa 24, yalionekana mapigo mengi yasiyo na mpangilio. Eko yake ilikuwa ya kawaida. Daktari wake aliiondoa doksorubisini kabla haijaingia hata mara moja, akaweka badala yake mitoksantroni, dawa ya rangi ya buluu iliyo jirani nayo kikemia, ambayo kwa mbwa haina sifa ya kuumiza moyo sana. Mwenye mbwa aliambiwa wazi kwamba huenda mchanganyiko huo mpya ukawa na nguvu ndogo dhidi ya limfoma. Alikubali.

Mitoksantroni hiyohiyo kwa binadamu huumiza moyo, nayo ina kikomo cha jumla ya miligramu 140 kwa mita ya mraba. Nimelitaja hili makusudi, kwa sababu wapo wanaosoma habari za tiba ya wanyama mtandaoni wakaja kudai dawa fulani. Kinachohamishika ni utaratibu wa kufikiri. Dawa na dozi zibaki kwa mwenye nazo.

Mbwa akianza kuonyesha udhaifu katikati ya tiba, doksorubisini husimamishwa, na moyo hutibiwa kwa dawa za kupunguza maji, za kushusha mzigo wa moyo na ya kuongeza nguvu ya msuli iitwayo pimobendani. Dalili kamili za moyo kushindwa zikishatokea, matumaini huwa madogo. Kwa binadamu tuna habari njema kidogo, yenye sharti la muda. Daniela Cardinale na wenzake wa Milan waliwafuatilia wagonjwa 201 ambao mioyo yao ilidhoofishwa na dawa za kundi hili. Matokeo yao ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba walioanzishiwa dawa za moyo ndani ya miezi miwili tangu kumaliza tibakemia, 64 katika kila 100 walirudisha nguvu ya moyo. Walioanza baada ya miezi sita, hakuna aliyeirudisha kikamilifu. Mwaka 2015 timu hiyohiyo ilionyesha kwamba karibu visa vyote vya udhaifu hugundulika ndani ya mwaka wa kwanza, mgonjwa akifuatiliwa. Kwa hiyo mgonjwa anayeambiwa “umemaliza, nenda nyumbani” bila tarehe ya kipimo cha moyo amepotezewa muda ambao dawa ingemsaidia.

Tukirudi kwa mama

Mwongozo wa wataalamu wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2022 unataka kila mtu mzima apimwe eko kabla ya dawa za kundi hili, na tena ndani ya miezi 12 baada ya kumaliza. Wenye hatari kubwa hupimwa mara nyingi zaidi katikati. Wenye hatari ni wale ambao mioyo yao imeshaugua, wazee, wenye shinikizo, kisukari au ugonjwa wa figo, waliopigwa mionzi kifuani upande wa kushoto, na waliowahi kupata dawa hizi zamani. Mtoto aliyepona saratani ni miongoni mwao maisha yake yote, na msichana wa namna hiyo akipata ujauzito, kliniki ya wajawazito inapaswa kuijua historia yake.

Nilimpima mama. Asilimia ya damu inayosukumwa nje na chumba cha kushoto ilikuwa 56. Namba hiyo peke yake imo katika kiwango cha kawaida. Tatizo ni kwamba hatukuwa na ya kwanza. Ikiwa alianza na 58, hapakuwa na la kuogofya. Ikiwa alianza na 68, basi kwa dripu mbili tu, miligramu 120 kwa mita ya mraba, alikuwa amepoteza pointi 12, na ningekuwa na mazungumzo mengine kabisa na daktari wake wa saratani. Troponini yake ilikuwa ya kawaida, nayo ilitupa ujasiri kidogo. Nilimweleza hivyo hivyo, bila kupamba. Akauliza kama aache dawa. Nilimwambia kwamba saratani yake ilikuwa ikisinyaa, kwamba kuiacha dawa nusu kuna hatari iliyo wazi zaidi kuliko ile ya moyo tuliyokuwa tukiikisia, na kwamba tutaishusha shinikizo yake kwa dawa zinazoulinda moyo pia, na kumpima tena kabla ya dripu ya nne.

Kabla ya dripu ya nne ilikuwa 55. Tofauti ya pointi moja ni ndani ya kosa la kipimo. Alimaliza.

Nilimpa kadi ya karatasi ngumu aiweke pamoja na kadi yake ya bima, nami nawashauri wauguzi wa kliniki za saratani wafanye vivyo hivyo, kwa kuwa haigharimu kitu: jina la dawa, tarehe ya kila dripu, miligramu zilizoingia, jumla kwa mita ya mraba, na namba ya eko ya kila mara. Nyuma yake niliandika mambo ya kumrudisha kliniki bila kusubiri miadi: kuhitaji mito miwili au mitatu ili alale, kuamka usiku akitafuta hewa, miguu kuvimba, uzito kupanda kilo mbili ndani ya siku tatu, mapigo kwenda mbio akiwa ametulia.

Mwanawe alikuwa akimtumia idadi ya pumzi za mbwa kila usiku, naye akaanza kumtumia mwanawe shinikizo lake la kila asubuhi. Mbwa alikufa mwezi wa saba tangu aanze tiba, mitoki ikiwa imerudi, pumzi zake zikiwa 22 kwa dakika usiku wa mwisho zilipohesabiwa. Kadi ya mama imeandikwa jumla ya 240. Eko yake inayofuata ni mwezi wa 12 tangu dripu ya mwisho, na tarehe tumeshaiweka.